Zima jiko kabla ya kulala: Nasaha kwa wenye ndugu Mpale



Ndugu zangu Waislamu, mkazi wa Dar es Salaam au wa Tanga mjini akisikia mtu analalamikia baridi, hucheka. Kwake yeye baridi ni zile siku chache za Julai ambazo feni huzimwa usiku na shuka la pili likatolewa kabatini. Barafu anayoijua ni ya kwenye friji. Na ni kweli kwamba barafu ya asili katika nchi yetu mtu ataiona kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5895 juu ya usawa wa bahari, na huko hakuna aliyejenga nyumba. Lakini baridi haingoji maji yagande ndipo idhuru watu.

Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu. Nafundisha Korogwe, chini kwenye joto na mkonge, na mara kwa mara hupanda Mpale kwa ajili ya darsa. Mpale ipo upande wa milimani wa Wilaya ya Korogwe, katika Usambara. Wajuzi wa hali ya hewa wanasema kila mtu apandapo mita 1000, joto hupungua kwa nyuzi kati ya 6 na 7. Hesabu hiyo unaisoma kwa mwili wako mwenyewe. Unaondoka stendi ya Korogwe shati limelowa jasho, ukifika juu jioni unamuuliza mwenyeji wako kama ana koti. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka, manyunyu hayakatiki, upepo wa kusi unapita chini ya milango, na bati linatoa maji ndani kama limetoboka.

Naandika haya kwa wasomaji wa mijini kwa sababu moja. Wazee niliowaacha kule wana watoto wao Kariakoo, Temeke, Ngamiani na Makorora. Wengi katika nyinyi mnaosoma ukurasa huu mna bibi, shangazi au mama mkwe katika milima hiyo, kama si Mpale basi Bumbuli, Lushoto, Mlalo, au Upareni. Msimu wa baridi mnapanda kwa ajili ya harusi, msiba au likizo ya watoto, na mkifika mnafanya jambo ambalo mwenyeji wenu hulifanya kwa heshima ya mgeni: anawawekea jiko la mkaa chumbani mlale na joto.

Jambo hilo linaua.

Kabla sijafika hapo, niseme neno kuhusu wale wanaodhani kuogopa baridi ni udhaifu wa imani. Nimewahi kuwasikia vijana wakimwambia mzee mwenye miaka zaidi ya sabini kwamba kama kweli anampenda Allah asingeihofia alfajiri. Vijana hao wasome habari za usiku wa Vita vya Ahzab, kama alivyosimulia Hudhayfa (r.a.) katika Sahihi Muslim. Usiku ule kulikuwa na upepo mkali na baridi kali. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani atakayekwenda kumletea habari za maadui, na akamuahidi kuwa pamoja naye Siku ya Kiyama. Akauliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakusimama mtu, mpaka alipomtaja Hudhayfa kwa jina lake. Hao waliojikunyata ni masahaba! Hakuna mahali ambapo Mtume aliwakaripia kwa kusikia baridi.

Bali Qur'an yenyewe imelihesabu joto kuwa ni katika neema. Katika Suratun-Nahl aya ya 5, Mola wetu anapotaja faida za wanyama wa kufugwa, jambo analoanza nalo, kabla ya nyama na kabla ya kupandwa, ni kwamba tunapata kwao vitu vya kututia joto. Katika aya ya 80 ya sura hiyo hiyo anataja ngozi, sufi, manyoya na nywele zao. Na Nabii Musa (a.s.), alipokuwa safarini usiku na ahli zake akauona moto kwa mbali, aliwaambia huenda akawaletea kijinga cha moto wapate kuota (angalia Suratun-Naml aya ya 7 na Suratul-Qasas aya ya 29). Mume alikuwa anahangaikia joto la mkewe, na katika mahangaiko hayo ndimo alimopewa utume. Basi kumtafutia joto mzazi wako au mke wako si jambo dogo katika dini hii.

Sasa turudi kwenye jiko. Amesimulia Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari hiyo aliwafahamisha watu kwamba moto huu ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapotaka kulala. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), pia kwa Bukhari na Muslim, Mtume amekataza kuacha moto ndani ya nyumba wakati wa kulala. Iko pia ya Jabir (r.a.), inayoeleza jinsi panya anavyoweza kuuburuza utambi wa taa akawaunguza wenye nyumba.

Wapo wanaoisoma hadithi ya panya wakadhani katazo linahusu taa ya utambi tu, na kwa kuwa leo tuna umeme au sola limeshapita. La hasha. Hadithi ya Ibn Umar imekuja kwa kutaja moto kwa ujumla, na adui aliyetajwa na Mtume ana zaidi ya silaha moja. Moja ni kuunguza. Nyingine hatukuijua hasa mpaka elimu ya karne za karibuni ilipoifafanua.

Mkaa unapowaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Damu yetu ina chembechembe za kubebea oksijeni, na hewa hii hushikana na chembechembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kwa hiyo mtu anaendelea kupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu imebeba kitu kingine. Huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na usingizi. Huo usingizi ndio mtego wenyewe, kwa sababu aliyelala hajui kama ameumwa kichwa.

Hapa kuna kosa moja ambalo nalisikia katika kila nyumba, kwa wasomi na wasiosoma. Watu husema: tunaliwasha jiko nje, moshi ukiisha na mkaa ukishakuwa mwekundu kabisa ndipo tunaliingiza ndani, kwa hiyo hakuna hatari. Ndugu zangu, moshi ule mweupe unaokutoa machozi ulikuwa unakuonya. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usio na moshi, unaendelea kutoa ile hewa, tena kwa wingi, na sasa hakuna tena cha kukuonya. Kutoona moshi si dalili ya salama.

Bibi mmoja wa Mpale alinijibu baada ya darsa, kwa adabu lakini kwa mkazo: “Mwanangu, sisi tumezaliwa moto uko ndani. Mama yangu alilala pembeni ya mafiga maisha yake yote, na alikufa kwa uzee.” Hoja yake ni ya kweli na inastahiki jibu, kwa sababu watu wengi wa milimani wanayo moyoni hata wasipoisema. Jibu ni kwamba nyumba imebadilika. Nyumba ya mama yake iliezekwa kwa nyasi. Nyasi zilivujisha moshi na hewa usiku kucha, na ukuta wa fito na udongo ulikuwa na nyufa zake. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni, wenye moshi, na ukizidi mtu anakohoa na kuamka. Leo mtoto wake aliyeko Dar es Salaam amemjengea mama nyumba ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati, siling bodi na madirisha ya vioo. Ikifika Julai, ule uwazi mdogo uliobaki juu ya dirisha unazibwa kwa matambara au gunia. Halafu katika chumba hicho kinaingizwa mkaa. Ni wema wa mtoto kwa mama yake, lakini umeifuta salama ya nyumba ya zamani na haukuleta ya nyumba mpya.

Wajerumani walipopanda Lushoto enzi za ukoloni, wakikimbia joto la pwani, walijenga nyumba zenye meko ndani, lakini kila meko ina dohani ya kupeleka moshi juu ya paa. Sisi tumechukua ukuta wa matofali na dirisha la kioo, dohani tukaiacha. Huko Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na baridi yake ni baridi kweli, tangu Oktoba 2015 sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke king'ora cha kubaini hewa hii katika kila chumba chenye meko au jiko la kuni au makaa. Siwaambii mkanunue ving'ora. Nasema wenzetu wenye mashine za kila aina wanamhofia adui huyu, na sisi tunamkaribisha chumbani mwa watoto.

Swali la pili nililoulizwa lilikuwa zito zaidi. Mama mmoja alitaka kujua: mtu aliyekufa kwa hewa ya jiko akiwa usingizini, je, ni shahidi? Nilimjibu kwamba katika hadithi ya Jabir bin Atik aliyoipokea Imam Malik na Abu Daud wametajwa, mbali na wanaouawa katika njia ya Allah, watu wengine wanaohesabiwa kuwa mashahidi, wakiwemo aliyezama majini, aliyeangukiwa na jengo na aliyekufa kwa kuungua. Aliyeuliwa na hewa ya moto tunamtarajia rehma za Mola wake, wala mimi si wa kumfungia mtu mlango ambao Allah hakuufunga. Wallahu a'lam.

Lakini lipo swali jingine ambalo hakuna aliyeliuliza siku ile, nalo linamhusu aliye hai. Je, aliyeliingiza jiko ana hukumu gani?

Tumezoea kusema ahadi yake ilifika. Ni kweli, hakuna nafsi inayokufa ila kwa idhini ya Allah. Lakini Umar bin al-Khattab (r.a.), alipokuwa anaelekea Sham akapata habari za tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Kisa hiki kipo kwa Bukhari. Kwa hiyo kulitoa jiko nje ni kadari, kama vile kuliacha ndani ni kadari. Ila utakayoulizwa ni ile uliyoichagua kwa mkono wako.

Na tuingie kwenye fiqhi kidogo, maana jambo hili halizungumzwi. Katika Suratun-Nisaa aya ya 92, Allah ameweka wajibu kwa mtu aliyemuua Muumini kwa kukosea: kafara, nayo ni kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, pamoja na diya kwa warithi isipokuwa wakisamehe. Baba aliyeonywa, akajua kwamba mkaa katika chumba kilichofungwa unaua, kisha akauingiza na wakafa wengine naye akanusurika, asidhani mambo yameishia kwenye hitima na pole za majirani. Sitoi fatwa gazetini juu ya mtu ambaye sijamsikiliza, na kila tukio lina maelezo yake. Amwendee mwanachuoni, aeleze yote, aulize ana deni gani kwa Mola wake.

Ikiwa mtu amekutwa katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi haraka, kisha apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anasema hana neno. Hospitali watampa oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua saa nne au tano kupunguza nusu tu ya sumu iliyomo katika damu. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi kama saa moja hivi. Maziwa, ambayo watu hukimbilia kumnywesha, hayafanyi kitu hapa. Sumu haiko tumboni, na kumnywesha aliyezimia ni kumpalia. Mama mjamzito apewe umuhimu wa pekee hata akionekana mzima, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huishika hewa hii zaidi na kuiachia taratibu.

Hapo nimemgusa mama, na niseme neno kuhusu mama mzazi, kwani katika siku arobaini ndipo jiko hukaa chumbani kuliko wakati wowote. Nia ni njema. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi sana na baridi inaweza kumuua yeye kabla ya mkubwa. Lakini joto bora la mtoto ni kifua cha mama yake: alazwe ngozi kwa ngozi, afunikwe pamoja naye, avalishwe kofia na soksi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asioshwe mpaka zitimie angalau saa 24 tangu azaliwe. Kukandwa kwa maji ya moto kuendelee kama ada, ila maji yachemshiwe jikoni. Na siku ya saba, tunapofanya akika na kunyoa nywele, kule Mpale mwezi wa Julai sioni ubaya wowote kungoja jua lipande, kumnyolea ndani mlango ukiwa wazi kidogo, na kumvisha kofia nywele ya mwisho inapoanguka. Sunna imetimia na mtoto hakupigwa na ukungu wa asubuhi.

Tunalalaje basi bila jiko? Chumba kinaweza kuoteshwa joto mapema, baina ya Magharibi na Isha, mlango ukiwa wazi na watu wakiwa macho, kisha jiko likatolewa nje kabisa, siyo kusukumwa ukumbini. Uwazi wa chini ya mlango zibeni kwa nguo, ule wa juu ya dirisha uacheni. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, ikiwekwa miguuni, humkalia mzee saa kadhaa. Watoto walale pamoja. Na msilale juu ya saruji na mkeka mtupu, maana saruji inanyonya joto la mwili usiku kucha. Wekeni godoro, au majani makavu ndani ya gunia, au ngozi.

Ngozi! Kila Idd el-Hajj tunachinja mbuzi na kondoo, na ngozi zinatupwa au zinamalizikia kwa mnunuzi wa barabarani, ilhali wanachuoni wengi wamekataza kuuza ngozi ya udh-hiya. Kwa Muslim ipo hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) kwamba ngozi hutoharika kwa kudabaghiwa. Mwaka 2023 na 2024 Idd hiyo iliangukia Juni, mlangoni kabisa mwa baridi. Ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa vizuri ni msala mchana na ni tandiko usiku.

Nije kwenye maji, kwani baada ya usingizi kero ya pili ya baridi ni udhu wa alfajiri na josho. Yupo anayeamini kwamba kutumia maji ya moto kunapunguza thawabu, na hoja yake ni hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) kwa Muslim inayotaja kukamilisha udhu wakati wa mazito kuwa ni katika mambo ambayo Allah hufutia makosa. Hadithi ni sahihi, lakini inamsifu aliyekutwa na uzito akavumilia. Haimwambii mtu autafute uzito kwa makusudi. Mtume (s.a.w.) alimuona mzee anaburutwa baina ya wanawe wawili kwa kuwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, akaeleza kwamba Allah hana haja na mtu huyo kujiadhibu, akamuamrisha apande mnyama (Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas). Na Daraqutni amepokea kutoka kwa Aslam kwamba Umar bin al-Khattab alikuwa akichemshiwa maji ya kuoga. Kama Umar hakuona aibu, nani anaona?

Kuhusu kutayamamu, watu hukitaja kisa cha Amr bin al-Aas (r.a.) katika msafara wa Dhatus-Salasil, alipoamka na janaba usiku wa baridi kali, akachelea kuangamia, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Mtume alipomuuliza, alitoa hoja kwa ile aya ya Suratun-Nisaa inayokataza watu kujiua, na Mtume akacheka wala hakumlaumu (Abu Daud). Hiyo ni ruhusa ya kweli. Wanachuoni wa Kishafi wanamtaka aliyetayamamu kwa baridi airudie sala baadaye, na wengine hawamtaki, na sote tuna nafasi katika hilo. Ila zingatieni kwamba Amr alikuwa vitani. Ruhusa hiyo ni ya asiye na njia ya kupasha maji. Mwenye sufuria, kuni na kiberiti hajaifikia bado.

Soksi nazo zimetugombanisha vya kutosha misikitini. Kupaka maji juu ya khofu kumethibiti bila shaka, usiku na mchana kwa mkazi na siku tatu kwa msafiri, kama ilivyo kwa Muslim kutoka kwa Ali (r.a.). Juu ya soksi nzito zipo kauli mbili tangu zamani, na aliyefuata mojawapo hajatoka katika Uislamu. Kijana mmoja aliniuliza kuhusu gambuti anazovalia shambani. Nikamwambia kwa sifa zake gambuti ni khofu safi kabisa: inapita vifundo, haipitishi maji, unatembea nayo popote. Kama ulizivaa una udhu, na unasali shambani juu ya ardhi tohara nazo hazina najisi, paka na usali. Lakini mlangoni mwa msikiti utazivua, na kwa Mashafi ukizivua unarudi kuosha miguu, kwa maji yale yale uliyokuwa unayakimbia. Alicheka sana.

Na tusisahau ni nani anayeamka kuchemsha maji hayo. Mara nyingi ni mke au mkwe, saa kumi usiku, amejifunga kanga mbili, anapuliza kuni mbichi ili baba na wageni wapate udhu wa vuguvugu, kisha yeye mwenyewe hubakiwa na ya baridi. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za ahli zake (Bukhari). Kuni kavu zilizopasuliwa jioni na mkono wa mwanamume zinapunguza nusu ya adha hiyo.

Mwisho, nina neno na wafadhili. Sadaka zetu nyingi kwa ndugu wa vijijini zimefungamanishwa na Ramadhani. Ni vizuri, lakini Ramadhani inafuata mwezi na baridi inafuata jua. Mwaka 2013 na 2014 saumu iliangukia Julai, na waliopeleka tende na sukari milimani waliiona baridi kwa macho yao. Kila mwaka mwezi wa saumu hurudi nyuma siku kama 11. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo mgao unafika wakati wa joto, na wafadhili wanarudi mjini na picha za watu wenye furaha. Hapo Julai hakuna anayepanda. Wazee wanaoacha kwenda jamaa ya alfajiri miezi ile, si wote wamekuwa wavivu.

Tunachangisha kwa ajili ya mazulia, vigae na vipaza sauti. Ningependa safari moja tu tuchangie blanketi, masweta ya mtumba ya kuchagua, na kwa kila msikiti wa milimani pipa moja la chuma la lita 200 lenye bomba chini, lijengewe mafiga nje ya msikiti, mbali na ukuta, chini ya kibanda cha bati cha kukinga mvua. Kamati iweke zamu ya vijana wawili wawili, mmoja awashe moto kabla ya adhana ya kwanza, mwingine ateke maji ya kuchanganyia. Kuni ziletwe na wanaume baada ya sala ya Ijumaa. Na yatakayobaki jua likitoka, wapelekewe kwa ndoo wajane na kina mama wenye watoto wachanga walio karibu, nao wakaoge.